Kaa

Gesi ilikuwa imeisha, ndiyo maana ya jiko.
Julai, Pangani, saa kumi na moja jioni,
baridi ile isiyonyesha wala kuondoka,
nami mlangoni na begi tupu begani,
nimefuata katoni yangu ya mwisho.

Langoni, Shivachi bawabu alikuwa ameniuliza,
"Umerudi ama umekuja?"
Nikacheka. Akangoja nimalize kucheka,
bado anataka jibu.

Kerubo alikuwa amechutama, amenipa mgongo,
anapepea moto kwa kifuniko cha sufuria.
Hakugeuka.
Akasema, "Kaa."

Neno moja. Nililisikia kama mtu anavyosikia
hodi ikipigwa nyumba ya pili.
Keti? Kiti kilikuwa kimejaa nguo za kupigwa pasi.
Baki? Baada ya miezi minane, na kabla yake ile miaka
tuliyolala kama mabano yaliyopeana mgongo?
Au alitaka kaa tu, kaa la moto,
lile lililoangukia karibu na kiatu changu,
jekundu upande mmoja, jeusi upande wa pili?

Bi Nyaboke, mshauri wa kule Ngara
ninayemlipa kwa simu kila Alhamisi,
husema: uliza, usikisie.
Pengo katika maneno ya mwenzio, asema,
hulijazi kwa mawazo yake, unalijaza kwa hofu zako.
Ni kweli. Kuna usiku niliamka na "Sawa." yake,
sawa yenye nukta,
nikaipindua hadi alfajiri kama shati linalotafutwa doa,
kumbe simu yake ilikuwa inazimika.
Lakini Bi Nyaboke hajawahi kusimama hapa.
Kuna swali ukiliuliza, jibu huzaliwa kabla ya siku zake,
na watu wawili hubaki wakilizika.

Nikaokota kaa kwa koleo, nikalirudisha jikoni.
Nikasogeza nguo, nikaketi ukingoni mwa kiti,
nusu ya mwili, begi halijashuka.
Hivyo nilizitii maana zote, kila moja kidogo.

"Unakaa umekonda," akasema.
"Nakaa Kasarani," nikajibu,
kana kwamba ndilo aliloniuliza.

Chai ikaja. Haikuwa na sukari.
Amesahau ninavyokunywa,
au amekumbuka alichosema daktari?
Nikainywa polepole, nikiionja pande zote mbili.

Juu yetu, kwenye dari, doa la maji ya wapangaji wa juu
lilikuwa limetanuka.
Zamani yeye aliliona fenesi,
mimi kofia ya marehemu baba,
na tuligombana, kweli kabisa, Jumapili nzima,
juu ya doa.
Sasa akaliinulia macho, nami nikaliinulia.
"Linakaa nini siku hizi?"
"Linakaa doa," akasema,
na mdomo wake ukapinda kidogo
upande ule unaopinda akikaribia kucheka
na akikaribia kulia.
Miaka kumi na moja na sijajua kuzitenganisha.
Labda hata mdomo wenyewe haujui
mpaka ufike.

Giza lilipoingia akasimama,
akaisukuma katoni kwa mguu, taratibu,
kutoka pale ilipouzuia mlango.
Njia ikawa wazi:
ya mimi kupita,
au ya mlango kufungika, baridi ibaki nje.

Nilimtazama. Alikuwa akiitazama katoni
kama mtu aliyeikuta imeshasogea.
Makaa yalikuwa yameshika sawasawa,
na kikombeni mwangu
kulikuwa bado na chai, kama nusu hivi.